Laptopu inaleta skrini ya bluu, imeshapigwa Windows mara tatu na bado: niuze au inatibika?

Swali: Kaka habari za kazi. Mi nina steshenari Mbagala, laptopu yangu ni ya mtumba nilinunua Kariakoo mwaka jana, prosesa yake i5 kizazi cha 4. Kuanzia kama mwezi wa tatu inaleta skrini ya bluu yenye kauso kamenuna, inajizima inawaka upya. Fundi wa kwanza akapiga Windows, ikakaa siku tatu ikarudi. Wa pili naye akapiga Windows, siku mbili. Wa tatu hivyo hivyo, sasa anasema bodi imekufa niuze kama spea. Picha nne za hiyo skrini nimekutumia. RAM nilishaongezewa ikafika 8GB kwa hiyo sio kwamba inazidiwa. Msimu wa wanafunzi kuomba mikopo unakuja, ninunue nyingine au hii inatibika?

Jibu:

Dada yangu salama, na pole sana, maana najua mteja akiwa kasimama pale kaunta anasubiri CV yake halafu laptopu ikazima ni hasara na aibu juu. Nianze na jibu lenyewe halafu ndo nieleze: usiuze. Picha zako nimezikuza moja moja nikazisoma, na kwa ninavyoziona hiyo laptopu ina nafasi kubwa ya kupona kwa bei ya RAM moja (kile kibao cha kumbukumbu ya muda, ambako mashine inaweka kazi inazofanya wakati huo), au hata bila kununua kitu. Na nakuomba sana, mtu yeyote asipige tena Windows humo, yaani asiifute na kuiweka upya, mpaka tumalize hii kazi.

Watu wakiona bluu wanajua laptopu ndo imekufa, lakini ile skrini ni Windows yenyewe imesimama kwa makusudi, imekuta kitu hakieleweki huko ndani kabisa ikaona nikiendelea nitaharibu mafaili bora niishie hapa. Kabla haijazima inaandika jina la kosa kwa chini, kwa maandishi madogo, na kwa sababu ni madogo hakuna anayeyasoma, wote wanaangalia kale kauso. (Kwenye Windows 11 za karibuni, tangu 2025, skrini yenyewe wameigeuza nyeusi na kauso wamekatoa, ila jina la kosa lipo pale pale.) Picha yako ya kwanza imeandika MEMORY_MANAGEMENT, ya pili IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, ya tatu PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, ya nne imerudi MEMORY_MANAGEMENT. Umefanya jambo la maana mno kupiga hizo picha, mafundi watatu wameishika hiyo mashine na hakuna aliyekuwa na ushahidi kama huu.

Mimi nikipewa laptopu ya bluu kitu cha kwanza naangalia majina yanajirudia au yanabadilika. Likiwa jina moja kila siku, na chini yake kuna jina la faili linaloishia na .sys, hapo mara nyingi namtuhumu draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na chombo kama printa), kuna programu fulani imeingia inakosea kitu kile kile kila ikiitwa. Lakini majina yakiwa yanabadilika badilika, leo hili kesho lile, na juu ya hapo Windows ni mpya imepigwa juzi, basi akili yangu inatoka kwenye programu inakwenda kwenye vyombo. Programu ikikosea inakosea kwa mtindo wake ule ule. Chombo kibovu kinamwangusha yeyote aliyepita karibu, ndo maana kila mara analaumiwa mwingine. Na majina yako yote matatu yanahusu kumbukumbu, yaani kuna kitu kimeandikwa kwenye RAM halafu kilipokwenda kusomwa hakikukutwa vile kilivyoachwa.

Sasa kwa nini kupiga Windows hakukusaidia. We una mashine ya fotokopi, chukulia kioo chake kina mkwaruzo, kila kopi inatoka na mstari mweusi katikati, akaja mtu akakubadilishia karatasi, akaja mwingine naye akakubadilishia karatasi. Ndicho ulichofanyiwa mara tatu. Tena afadhali hata ya fotokopi, kwa sababu wakati wa kupiga Windows kila faili linalotoka kwenye flashi kwenda kwenye diski linapita kwenye RAM kwanza, kwa hiyo kama RAM ina kasoro, Windows mpya inaweza kuingia tayari ina mafaili mabovu. Na ile kumbukumbu ya ajali ambayo Windows huwa inaihifadhi kwenye folda la C:\Windows\Minidump inafutwa yote. Fundi anayepiga Windows kabla ya kusoma kosa anafuta ushahidi halafu anapeleka tatizo mbele siku tatu, na mteja analipa. Hili linaniuma kwa sababu na mimi niliwahi kulifanya, zamani nikiwa bado na meza ndogo pale Mwenge, nikafomati laptopu ya mwalimu mmoja mara mbili, picha za harusi yake zikapotea, kumbe shida ilikuwa RAM imelegea kwenye sloti. Yule mwalimu alinisamehe lakini mimi mpaka leo sijasahau sura yake alipofungua folda la picha akakuta tupu.

Unajiuliza mbona inakaa siku mbili tatu ndo inarudi. Kasoro ya RAM mara nyingi ni kieneo kidogo tu, sio chote. Windows ikiwa mpya haina kitu, unafungua Word moja, kile kieneo kibovu hakijaguswa bado. Siku ya tatu umesharudisha printa zako, umefungua Chrome na madirisha kumi na tano, mwanafunzi mmoja anajaza fomu huku unaskani vyeti vya mwingine, na ni saa nane mchana joto la Mbagala limepanda, RAM inajaa mpaka kule mwisho na hapo ndo bluu inakuja.

Halafu kuna kitu ulikitaja mwishoni kama unajitetea, ila mimi kwangu ndo kilikuwa cha kwanza. Umesema RAM uliongezewa. Hujasema lini, ila nakuomba ukumbuke vizuri, ilikuwa kabla au baada ya mwezi wa tatu? Kwa sababu kama bluu ilianza wiki zile zile ulizoongeza RAM basi mtuhumiwa namba moja ni ile RAM uliyoongezewa, na kwenye laptopu za kizazi cha 4 kuna mtego mmoja ambao naukuta mno.

Mtego wenyewe uko kwenye herufi moja. Laptopu za i5 kizazi cha 4 zinataka RAM aina ya DDR3L, ile L ni ya umeme mdogo, inakula volti 1.35. Ila kuna DDR3 ya kawaida, ya zamani kidogo, yenyewe inataka volti 1.5. Kwa macho ni pacha kabisa, urefu ule ule, mkato ule ule, inaingia kwenye sloti bila kulazimisha. Ukiiweka, laptopu nyingine haiwaki kabisa, na hiyo ni bahati yako maana unajua mapema. Nyingine inawaka vizuri tu, inahesabu 8GB, kila mtu anafurahi, ila ile RAM inalishwa umeme pungufu na inafanya kazi kwa kubabaisha, leo imeshika kesho imeachia. Sasa utazitofautishaje: kwenye stika ya RAM kuna mstari umeandikwa mfano 4GB halafu PC3L-12800S, au PC3-12800S. Hapo hapo baada ya 3, kama kuna L ndo yenyewe, kama hakuna L umekamata mwizi. Hiyo 12800 ni spidi, inamaanisha 1600MHz, nyingine utakuta 10600 ambayo ni 1333MHz, hiyo sio kosa, zitakwenda zote kwa spidi ya iliyo taratibu. Wewe tafuta L.

Basi fanya hivi, na nakwambia unaweza mwenyewe, hakuna ufundi wa ajabu. Kwanza kabla hujashika bisibisi weka bakapu ya mafaili ya wateja na ya kwako kwenye flashi au diski ya nje, na uyafungue mawili matatu kutoka kwenye hiyo flashi uhakikishe yanafunguka, kwa sababu mashine yenye RAM mbovu inaweza kukopi faili likafika limeharibika. Kisha zima kabisa. Kuzima kabisa nina maana yangu: Windows za siku hizi ukibonyeza Shut down inahifadhi sehemu ya mambo yake ili iwake haraka kesho, kwa hiyo ukitaka izime kikweli shikilia kitufe cha Shift ndo ubonyeze Shut down. Chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, shika chuma chochote kikubwa kama grili la dirisha ili umeme wa mwilini uishe, halafu fungua kava la chini.

RAM utaziona mbili, vibao vidogo vya kijani vimelala, kila kimoja kimeshikwa na vibanio viwili vya bati pembeni. Sukuma vibanio nje taratibu kwa kucha, kibao chenyewe kitanyanyuka kama mfuniko wa sanduku, vuta. Angalia yale meno ya dhahabu. Kwa hapa Dar, na hasa maduka yanayofungua mlango barabarani kama la kwako, unyevu na vumbi vinayafanya yawe na ukungu fulani wa kahawia, nimeshatoa RAM ina alama ya kidole cha fundi imekauka pale pale kwenye meno. Chukua kifutio cheupe cha penseli, unacho hapo dukani, yasugue kwa mwendo mmoja kwenda nje pande zote mbili, pangusa na kitambaa kikavu, usipulizie mdomo maana mate ni maji. Hapo hapo piga picha stika zote mbili.

Sasa usizirudishe zote. Rudisha ile ya zamani peke yake, iingize imeinama kidogo, isukume mpaka meno yasionekane kisha ilaze mpaka usikie vibanio vimelia. Washa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched (hicho ni kipimo cha RAM cha Windows yenyewe), kubali iwake upya. Ikianza kupima bonyeza F1 uchague Extended, ile ya kawaida inapita juu juu. Inachukua muda, iache usiku. Asubuhi majibu yanakuja pembeni ya skrini na yakikupita nenda kwenye Event Viewer (daftari la matukio la Windows), upande wa System, tafuta MemoryDiagnostics-Results. Ukiwa na bando na flashi ya ziada mi napenda zaidi MemTest86, ni ya bure, unaiweka kwenye flashi laptopu inawaka kwa hiyo flashi bila kuigusa Windows, ni kali kuliko ile ya Windows. Kwenye hivi vipimo hakuna kosa dogo. Hesabu inayokubalika ni sifuri, kosa moja tu RAM hiyo haifai. Ila usafi wa usiku mmoja nao sio cheti, tumia laptopu na RAM hiyo moja kazini siku tano kabisa, mzigo wako wote wa kawaida. Itakuwa nzito, vumilia, ndo kipimo chenyewe hicho.

Zikipita siku tano salama, ingiza ile ya kuongezewa peke yake kwenye sloti ile ile, pima. Ikileta makosa umemaliza, rudi ulikonunua na hiyo karatasi ya risiti na picha ya skrini ya kipimo, sio na maneno matupu. Na kama zote mbili zinapita kwenye sloti ya kwanza, ila yoyote ukiiweka sloti ya pili inaleta makosa, hapo yule fundi wa tatu atakuwa amegusa ukweli kidogo, sloti ya pili ya bodi ina shida. Lakini hata hapo laptopu haijafa! Unanunua RAM moja ya 8GB yenye L, unaiweka sloti ya kwanza, ya pili unaiacha wazi, maisha yanaendelea. Nina wateja wanatumia hivyo mwaka wa pili huu.

Ikitokea RAM zote safi na sloti zote safi na bado bluu, ndo tunahama, na mimi ningehamia kwenye diski. Laptopu ya mtumba yenye diski ya kuzunguka ambayo imepanda bodaboda na daladala ikiwa haijazimwa, imefunikwa tu, inaumia. Dalili zake za bluu ni majina kama KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR au CRITICAL_PROCESS_DIED, na kabla ya hapo inastaki dakika nzima taa ya diski ikiwaka tu. Weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikikuandikia Caution kwa rangi ya njano au Bad usijadiliane nayo, toa mafaili yako na nunua SSD, ile diski isiyozunguka. Na tafadhali mafaili yatoke kwanza kabla mtu hajakimbilia chkdsk na ile /r, amri ya kukagua diski, maana inasoma diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho na diski iliyo mahututi inaweza kukata roho hapo katikati.

Joto nalo lipo, ila joto mara nyingi linazima mashine papo hapo bila bluu yoyote, au linakuja na jina WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Wewe hujaona hilo jina, kwa hiyo safisha feni tu ukiwa umeshafungua na usiweke laptopu juu ya kitambaa.

Kuhusu draiva nikwambie kidogo kwa sababu ya printa. Machi 2021 Microsoft ilitoa apdeti ya Windows 10, watu wenye aina fulani za printa wakawa wakibonyeza print mashine inaanguka bluu, jina APC_INDEX_MISMATCH, na apdeti ya kurekebisha ikatoka ndani ya wiki moja. Na Julai 19, 2024 ile ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, kompyuta kama milioni 8.5 duniani zilianguka kwa faili moja bovu la programu ya ulinzi, ndege zikashindwa kuruka, na dawa yake ilikuwa kuingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) na kufuta lile faili moja, basi. Jina la kosa lilikuwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, ambalo na wewe unalo kwenye picha ya tatu! Ila wale waliona jina hilo hilo kila wakiwasha, na chini yake draiva ya kampuni hiyo hiyo, csagent.sys. Wewe limekuja mara moja kati ya nne. Ndo maana nasema jina peke yake halitoshi, angalia na mtindo wake. Ukija kupata bluu kila unapoprint tu na sio wakati mwingine wowote, hapo ndo ufikirie draiva ya printa, itoe yote, chukua mpya kwenye tovuti ya waliotengeneza printa yenyewe. Zile programu zinazojidai kutafuta draiva zote kwa mpigo mi siziweki kwenye mashine ya mteja, na kraki za kuamshia Windows ndo usiseme.

Ukishapata RAM sahihi na imepita kipimo kuna kazi moja imebaki, kukagua na kutengeneza mafaili ya Windows, kwa sababu Windows iliyopo iliingia kupitia RAM yenye shaka. Fungua Command Prompt kwa kubonyeza kulia na kuchagua Run as administrator, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, hii inataka intaneti na itakula bando kiasi, ikimaliza andika sfc /scannow. Ikikwambia imekuta mafaili yameharibika na imeyatengeneza, irudie mara ya pili mpaka iseme hakuna. Ikigoma kutengeneza, hapo sasa ndo napiga Windows mpya kwa roho safi, mara moja, juu ya RAM niliyoipima.

Na wakati tunaendelea, izuie isiwake upya yenyewe ili ukipata bluu nyingine uwe na muda wa kuipiga picha: Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, toa tiki kwenye Automatically restart. Ikitokea, piga picha, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime.

Kwa leo nitumie picha za stika za RAM zote mbili, kwa karibu zisomeke, na uniandikie ipi ilikuwa ya zamani na ipi ya kuongezewa, pamoja na wiki uliyoongezewa. Ukinitumia kabla ya jioni nitakujibu usiku huu huu, kabla hujaenda kulipa mtu mwingine.